Watoto wasikaririshwe "bunge la bundi"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie majina ya makundi ya wanyama. Yapo yanayosambaa kwenye simu, na sasa yameingia hata katika karatasi za mazoezi: "bunge la bundi", "mauaji ya kunguru". Mtoto wa darasa la nne anayakariri akidhani ni Kiswahili.

Hayo ni ya Waingereza, na kwao yana historia. Orodha ya namna hiyo imo katika kitabu kilichochapwa mji wa St Albans, Uingereza, mwaka 1486, cha kuwafunza mabwana mambo ya uwindaji, na mengi yalikuwa mchezo wa maneno tu. Sina ugomvi nao. Lakini hapa Dar es Salaam bundi akilia juu ya paa nani anafikiria bunge? Watu wanafikiria msiba. Tena bundi wengi huishi peke yao au wawili wawili.

Kiswahili hulitoa jina katika jambo linaloonekana. Nyuki wakihama na malkia wao, wakasongamana tawini kabla ya kupata makao mapya, hao ni bumba. Changu waliotungwa kwenye kamba ni mtungo, na mama anayenunua soko la samaki la Feri huulizia bei ya mtungo. Samaki hao hao wangali baharini, hakuna atakayewaita hivyo. Siafu ni msururu kwa sababu ndivyo wanavyotembea. Nzige ni wingu, na waliowaona Kenya mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mtoto akijifunza neno kama hilo anakuwa amejifunza na tabia ya mnyama mwenyewe.

Magazeti nayo yana sehemu yao ya lawama. Kwelea kwelea wakivamia mpunga, tunasoma "kundi kubwa la ndege". Heroe (flamingo) wa Ziwa Natron, kundi. Ng'ombe, kundi. Kwelea kwelea, ndege wale wadogo, hugeuka angani kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, hadi shamba linaingia kivuli. "Wingu la kwelea kwelea" lingemfikishia msomaji habari nzima.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wako wa watoto uwaulize wavuvi wa Kigamboni na Mafia wanawaitaje samaki wanapoonekana wamejaa juu ya maji, na wafugaji nyuki nao waulizwe yao. Majibu yao yachapwe, walimu wapate cha kutungia mitihani.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam