Barua kwa mwanangu aliyepangwa kwenye unga

Kihesa, Iringa

Mwanangu mpenzi,

Kamwene. Huku hatujambo. Baridi ya mwezi wa saba imeshika kwelikweli, alfajiri nawasha jiko nikiwa na vitenge viwili mabegani, na unga wa maandazi hauumuki mpaka niuweke karibu na moto. Mdogo wako anakusalimu, anasema umemsahau.

Ulichoniambia kwa simu Jumapili sikuweza kukijibu. Wateja walikuwa wamesimama na mafuta yalikuwa motoni. Ulisema huu ni mwezi wa nne uko kwenye hilo jiko la Kiitaliano huko Kiwengwa, Zanzibar, wenzako wanapangwa kwenye samaki na nyama, wewe kila kukicha unga wa tambi na piza, unga, unga. Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeonewa. Nimelala na maneno hayo siku mbili, ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Unanijua, baba. Mimi ni mtu wa wanga. Ugali, viazi, magimbi, chapati, kande za jana zilizopashwa asubuhi, hivyo ndivyo vyakula nilivyokulia na ndivyo nilivyowalea. Nyama ikiwapo nashukuru, isipokuwapo siikumbuki. Lakini ile siku dada yako aliponipeleka kwenye mgahawa wa Kiitaliano kule Don Bosco, nilijifunza jambo nililokuwa nalifanya miaka yote bila kulijua jina.

Aliniagizia nyoki. Nikaona vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba, vimechorwa mistari ya uma, juu mchuzi mwekundu wa nyanya na jibini iliyokunwa. Nikatia kimoja mdomoni. Mwanangu, kilikuwa kiazi! Kiazi chetu hiki cha mviringo kinachoshuka kwa malori kutoka Njombe na Makete, ambacho mimi huchemsha na chumvi tu. Laini, chepesi, ladha yake haijifichi. Nilitafuna polepole, macho yakanilenga machozi, dada yako akadhani nimeungua.

Nilimwomba mpishi anieleze. Ni dada wa hapa hapa Iringa, akaniita mama, akakaa nami. Akasema siri ya kwanza ni kuchagua kiazi kilichokaa, kikapungua maji, siyo kile kilichochimbwa jana. Unakichemsha na ganda lake kisinywe maji. Unakimenya na kukiponda kikiwa bado moto, unga wa ngano unatia kidogo tu, na mkono uwe mwepesi, maana ukikandakanda kinageuka gundi. Kisha kwenye maji yanayochemka, kikielea juu, kimeiva. Nyanya za mchuzi zilikuwa za Ilula, akaniambia. Jibini ya Njombe, kule ambako shirika la CEFA la Bologna, Italia, lilisaidia kusimamisha kiwanda cha maziwa. Basi kitu cha Kiitaliano pale kilikuwa mkono tu. Vitu vyote vilikuwa vyetu, vya barabara hii hii tunayopita kila siku.

Tangu hapo naenda kila mwisho wa mwezi hesabu ikiruhusu. Nimekula lazanya, nimekula piza, nimekula tambi za aina nne. Na kila mara naliona jambo lile lile: pale mezani wanga ndio mwenye nyumba. Mchuzi ni kidogo, wa kuipaka tambi tu, haielei ndani yake. Sisi tunasema mboga. Ugali ndio chakula, mboga ni ya kusindikizia, iwe nyama, iwe dagaa, iwe majani ya maboga. Waitaliano nao wanafikiri hivyo hivyo. Sasa mtu aliyepewa tambi na unga wa piza amewekwa pembeni vipi? Wewe ndiye unayepika chakula. Hao wa samaki wanapika mboga.

Bibi yako, mama yangu, alifanya kazi jikoni kwenye misheni ya Tosamaganga akiwa msichana. Mapadri wa shirika la Konsolata walitoka Torino, Italia, wapo Iringa tangu mwaka 1919. Alitusimulia kwamba padri mmoja mzee alikuwa akisonga mwenyewe ugali wa mahindi ya njano, akaumwaga juu ya ubao, ukipoa kidogo anaukata kwa uzi badala ya kisu. Sisi watoto tulidhani mama anatuongopea. Nimekuja kujua ni kweli: kwao kaskazini unaitwa polenta, na hukatwa kwa uzi. Mahindi yaliwafikia kutoka Amerika kama yalivyotufikia sisi. Zamani maskini wao walikula polenta tupu mwaka mzima wakaugua pelagra, ngozi inachubuka na akili inapotea, kwa kukosa kirutubisho ambacho mahindi peke yake hayatoi vya kutosha. Ndiyo maana nilikuwa nakufokea ukiacha maharage kwenye sahani.

Nilitaka pia kukwambia haya, kwa kuwa mikono yangu imekanda unga kabla hujazaliwa. Huko pwani kuna joto, hamira inakimbia. Unga ninaouacha hapa usiku kucha, kwako utaumuka ukafurika kabla ya adhana ya alfajiri. Punguza hamira, tumia maji baridi, uuweke kwenye friji uumuke taratibu. Unga uliosubiri una ladha ambayo uliokimbizwa hauna. Unga wa piza ya Napoli, mji wa Italia, una vitu vinne tu, ngano, maji, chumvi na hamira, kwa hiyo kosa halina pa kujificha. Na tanuri lao la kuni linapata moto wa nyuzi zaidi ya 400, piza inaiva kwa dakika moja au moja na nusu. Umechelewa kuigeuza, imeungua. Hiyo kazi inataka mtu mzima. Mwaka 2017 UNESCO waliiweka sanaa ya hao wakandaji wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Waliyemtukuza ni mtu wa unga, mwanangu.

Tambi nazo. Hapa kwetu tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95, ndiyo maana maharage yetu yanakula mkaa. Tambi ambayo pakiti inasema dakika tisa, mimi naongeza mbili, na bado naionja. Kwako, usawa wa bahari, fuata pakiti na itoe ikiwa bado ina kiini kidogo, itamalizikia kwenye mchuzi. Na maji yake usiyamwage yote! Yana wanga ndani, upawa mmoja unaushikisha mchuzi na tambi vikawa kitu kimoja. Dada wa Don Bosco alinionyesha hilo, nikajilaumu kwa maji yote niliyowahi kumwaga.

Kitu kimoja kinanishinda: tambi mbichi ya mayai. Nimeambiwa ni gramu 100 za unga kwa yai moja, nikajaribu mara tatu kwa ule mti wa chapati. Kila mara unanywea, unarudi nyuma kama mpira. Nadhani siupumzishi vya kutosha. Wewe unaukanda kila siku, umwangalie vizuri mkuu wako anaufunika na nini, anauacha muda gani, anausukuma mpaka uwe mwembamba kiasi gani. Uniandikie, usiniambie kwa simu, nitasahau.

Agosti ikipita na wageni wakipungua, omba ruhusa yako uje. Nimenunua debe la viazi kwa mtu wa Makete, nimelifunika gunia stoo, gizani, visigeuke kijani. Mwezi wa tisa vitakuwa vimekaa sawasawa. Wewe utapika nyoki, mimi nitasaga nyanya, na mdogo wako ameshasema yeye atachora mistari ya uma.

Vaa kitu miguuni humo jikoni, sakafu zina mafuta.

Mama yako