Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: tiketi ya malalamiko ifungwe kwa idhini ya mteja

Kwako Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma,
Dar es Salaam.

Yah: Malalamiko ya wateja wa intaneti ya nyumbani kufungwa kabla ya tatizo kutatuliwa

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Kila nikilitaja, iwe dukani, kanisani au kwenye kikao cha mtaa, kuna anayetoa simu yake na kunionyesha meseji ileile kutoka kwa kampuni inayompa intaneti ya nyumbani. Meseji inasema tatizo lake limetatuliwa, na imemfikia tatizo likiwa palepale.

Naishi Segerea. Nawaandalia wafanyabiashara wadogo hesabu zao na ritani za kodi, na kazi hiyo naifanyia nyumbani. Unajua jinsi Serikali ilivyohamishia shughuli zake mtandaoni. Ritani ya PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) inatakiwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, na zote zinapita kwenye mfumo wa TRA. Namba ya malipo inatoka mtandaoni. Kijana wa jirani anayeomba mkopo wa elimu ya juu anaomba mtandaoni, na dirisha la Bodi ya Mikopo likifungwa limefungwa. Kwa hiyo mafundi walipoanza kupitisha waya mweusi wa faiba kwenye nguzo za mtaa wetu, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Kampuni sitaitaja. Nimezungumza na wateja wa kampuni nyingine na mwenendo ni huohuo. Nikiitaja moja, nyingine zitajiona haziguswi.

Afisa mauzo alikuja mlangoni amevaa fulana ya kampuni, akaeleza vizuri, akanisajili kwa namba ya NIDA, nikalipa kwa simu palepale. Ahadi ilikuwa kuunganishwa ndani ya saa 48. Saa hizo zikaisha, zikafuata wiki. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa fundi yuko njiani. Nikipiga tena naambiwa fundi alifika hakunikuta, na siku hiyo nilishinda ndani nikimsubiri. Ukweli niliupata kwa fundi mwenyewe, kijana mstaarabu aliyepanda nguzo ya kona, akafungua kile kiboksi cheusi, akashuka na kuniambia, "Mama, boksi limejaa. Hapa hakuna tundu hata moja." Akanielewesha kwamba mwanga unaotoka kituoni unafika kwenye kigawanyo, unagawanywa kwa nyumba kadhaa, na kila nyumba inahitaji tundu lake. Matundu yakiisha, hakuna mteja mpya anayeweza kuunganishwa mpaka kampuni iongeze kigawanyo kingine. Jioni hiyohiyo afisa mauzo alikuwa nyumba ya pili kutoka kwangu, anapokea malipo ya mteja mwingine.

Wakati huo ombi langu la kuunganishwa lilikuwa limeshaandikwa kwenye mfumo wao kuwa limefungwa. Sababu iliyoandikwa: mteja hakupatikana.

Kigawanyo kiliongezwa hatimaye, nami nikaunganishwa. Lazima niseme kwa haki kwamba faiba ikifanya kazi, inafanya kazi kweli. Ritani niliyokuwa nasubiri usiku wa manane kuituma, mtandao wa simu ukiwa umepumua, nikawa naituma mchana na kulala kama watu wengine. Ndiyo maana naandika. Huduma hii ni nzuri, na inaharibiwa na kitu ambacho hakihitaji mtambo mpya wala fedha nyingi kurekebishwa.

Baadaye lori la mchanga likapita mtaani kwetu. Pale kona waya ulikuwa umening'inia chini kuliko inavyotakiwa, ukanaswa na bodi la lori, ukakatika na kulala barabarani. Ndani, taa ya LOS kwenye ruta ikaanza kuwaka na kuzima, nyekundu. Taa hiyo ina maana moja tu: mwanga haufiki kwenye ruta. Haihusiani na nywila, wala na simu ya mteja, wala na kifurushi kuisha. Nilimweleza mhudumu hivyo, na nikamwambia waya wenyewe nauona kwa macho yangu umelala chini. Akaniomba nizime ruta, nisubiri dakika tano, niwashe. Nikafanya. Akaniomba nirudie. Kisha akanifungulia tiketi, yaani kumbukumbu ya lalamiko langu kwenye mfumo wao, akanipa namba yake, akanitakia siku njema.

Asubuhi yake nilikuwa nimesimama kibarazani, waya bado uko barabarani na bodaboda wanaukwepa, meseji ikaingia: "Mteja wetu mpendwa, tatizo lako limetatuliwa. Asante kwa kuendelea kuwa nasi." Chini yake niliombwa kutoa alama kuanzia moja hadi tano. Nikatoa moja. Hakuna aliyepiga kuniuliza kwa nini.

Nikapiga mimi. Na hapa, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba usome taratibu. Mhudumu hakuifungua upya tiketi ya kwanza. Alisema mfumo haumruhusu. Akafungua nyingine, yenye namba mpya na tarehe mpya. Hiyo nayo ikafungwa vilevile, ikafuata nyingine. Ukivifungua vitabu vya kampuni leo utakuta mteja mmoja aliyeripoti matatizo kadhaa, yote yakatatuliwa ndani ya muda. Mtaani kwetu kulikuwa na tatizo moja tu, waya mmoja uliokatika, na halikuguswa mpaka tarehe ya VAT ikapita. Ritani za wateja wangu nilizituma kwa bando la simu, moja baada ya nyingine, usiku kucha. Na ada ya mwezi ya faiba niliyokuwa nimeshalipa ikaendelea kuhesabiwa siku kwa siku kana kwamba huduma ipo.

Mamlaka yako inategemea kumbukumbu hizo. Utaratibu mnaotuelekeza wananchi ni kwamba mteja aanze kwa mtoa huduma wake. Asiporidhika alete malalamiko kwenu. Na asiyeridhika na uamuzi wenu anaweza kwenda Baraza la Ushindani. Utaratibu huo sina ugomvi nao. Lakini hatua yake ya kwanza inafanyika ndani ya mfumo wa kampuni, na anayeandika ni kampuni. Siku mteja anapofika kwenu, kampuni inaleta orodha ya tiketi zilizofungwa, naye analeta maneno. Tena hao ni wale wanaofika. Mtu akishaandikiwa kwamba tatizo lake limetatuliwa, anaona hana tena jambo la kupeleka mbele, anakaa kimya na kurudi kununua bando.

Siwalaumu vijana wa huduma kwa wateja. Mmoja wao, niliyemkuta ana subira kuliko wenzake, aliniambia kwamba tiketi ikikaa wazi muda mrefu, zamu nzima inahesabiwa vibaya. Mafundi nao wengi wameajiriwa na wakandarasi, na wanalipwa kwa kazi iliyofungwa. Yule aliyekuja kuunga waya wangu alinionyesha kwenye simu yake orodha ya kazi za siku hiyo, Kinyerezi, Tabata, Segerea, zote apige kwa pikipiki moja. Mtu wa namna hiyo, mwajiri wake akimdai kufunga, atafunga. Tatizo lipo kwa aliyepanga kwamba kufunga tiketi ndicho kipimo cha kazi, kisha akampa ruhusa ya kufunga mtu yuleyule anayepimwa.

Huenda ukasema soko litawanyoosha, mteja asiyeridhika ahame. Kwenye simu inawezekana. Tangu Machi 2017 mtu anahama mtandao na namba yake, na hilo lilikuwa jambo kubwa mlilotufanyia. Kwenye faiba hali ni tofauti. Mtaani kwetu umepita waya wa kampuni moja. Nikiikasirikia, nahamia wapi? Mpaka kampuni ya pili ije isimamishe nguzo zake au ikubaliane kutumia zilizopo, mimi na majirani zangu tumefungwa kwa hiyo moja, na nayo inalijua hilo. Palipo na waya mmoja tu, anayebaki kumtetea mteja ni ninyi.

Na mmeshawahi kuingia kwenye mambo madogo ya namna hii. Aprili 2021, mlipotoa masharti mapya ya vifurushi, pamoja na kelele zote zilizozuka kuhusu bei, mliagiza kampuni zimtaarifu mteja matumizi ya kifurushi chake yanapofikia asilimia 75, na tena yanapofikia asilimia 100. Hilo ni agizo kuhusu meseji gani itumwe na wakati gani. Ninachoomba ni agizo la aina hiyohiyo.

Naomba tiketi ya mteja wa intaneti ya nyumbani isifungwe mpaka mteja mwenyewe athibitishe. Njia ipo na kila Mtanzania anaijua: namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu ya mteja, naye anamtajia fundi pale tu huduma inaporudi. Namba yangu ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo hakuna shaka kwamba anayethibitisha ni mimi. Fundi asiyefika hatakuwa na namba ya kuingiza. Mteja akikaa kimya kwa siku mtakazopanga, kampuni ifunge, lakini tatizo likijirudia ndani ya muda fulani ifunguliwe tiketi ileile, kwa namba ileile, na siku zihesabiwe tangu ya kwanza. Siku zote ambazo tiketi iko wazi na mwanga haufiki, ziongezwe zenyewe kwenye mwezi wa mteja bila yeye kuomba. Ombi la kuunganishwa nalo lihesabiwe kama tiketi tangu dakika fedha ilipopokelewa. Mkifanya hivyo tu, mauzo kwenye boksi lililojaa yatakoma, maana kila mteja aliyelipa na hajaunganishwa ataonekana kwenye vitabu.

Najua kampuni zitakavyojibu. Zitasema nyaya zinakatwa na malori, na magreda ya wakandarasi wa barabara, na wezi wanaodhani ndani kuna shaba. Ni kweli, na mimi nimeliona lori hilo kwa macho. Lakini siombi kampuni ibebe kosa la lori. Naomba isiandike kwamba waya umeungwa wakati haujaungwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilikwama nchini kwetu na kwa majirani. Siku ileile Serikali ilijitokeza ikatueleza kilichokatika na kwamba kimekatika upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Watu walikasirika, lakini walijua wanasubiri nini, wakajipanga. Waya uliokatika mbali hivyo tuliambiwa ukweli wake siku ileile. Wa kwenye kona ya mtaa wetu tuliambiwa umeshatengenezwa.

Zitasema pia kwamba wapo wateja watakaogoma kuthibitisha ili wapate siku za bure. Kampuni ina uwezo wa kuona kutoka kituoni kama ruta ya mteja inapokea mwanga na kama inatumia data. Mteja anayetazama video jioni nzima huku akidai hana huduma ataonekana, na ushahidi huo kampuni iulete kwenu. Mimi sina kifaa cha kuonyesha kilichoandikwa kwenye mfumo wao, wao wana kifaa cha kuona kilichopo nyumbani kwangu. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha wakiubeba wao, hawaonewi.

Jambo la mwisho linahusu takwimu mnazotoa kila robo mwaka. Huwa nazisoma, na kazi iliyomo naiheshimu. Naomba ziongezwe safu mbili kwa kila kampuni ya faiba: muda unaopita kati ya mteja kulipa na kuunganishwa, na idadi ya tiketi zilizofunguliwa tena baada ya kufungwa. Jirani yangu anayetaka kulipia leo azisome kwanza, ndipo atoe fedha.

Nitashukuru nikipata jibu kwa maandishi kuhusu swali moja: je, Kanuni za kuwalinda watumiaji za 2018 zilizo chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta zinawapa nguvu ya kutoa agizo hili kama zilivyo, au zinahitaji kurekebishwa? Kama ni kurekebishwa, tujulisheni lini maoni ya wananchi yatapokelewa, nasi wa Segerea tutaleta yetu. Meseji zote nimezihifadhi pamoja na namba za tiketi na picha za waya ukiwa barabarani, zikiwa na tarehe. Majirani wamekubali nilete na za kwao. Nipo tayari kuzileta Mawasiliano Towers siku mtakayopanga, isipokuwa tarehe 7 na tarehe 20.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Segerea,
Dar es Salaam.

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC)