Kosmas, jina la mtoto nimelipata San Fratello

Messina, Sicilia, Jumapili usiku

Mpendwa Kosmas,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, mafua yamekwisha, kazi ni zilezile. Hongera tena kwa mtoto, na mpe Mama Agnes pole na hongera zake. Nisamehe kukaa wiki tatu kimya. Umenipa usimamizi wa ubatizo na ukaniachia neno kuhusu jina, nami sikutaka kukujibu kwa haraka.

Mama yako anataka Benedikto, kama marehemu mzee. Sawa kabisa. Lakini huko Peramiho ukisema Benedikto kila mtu anamwona yule abate wa Nursia, kwa sababu ya watawa wetu Wabenedikto. Mimi naomba somo wa mtoto awe Benedikto mwingine. Jana nilikwenda mpaka alikozaliwa.

Unapanda treni ya pwani kutoka hapa, unashuka Acquedolci, halafu barabara inakwea kona kwa kona, bahari ikibaki chini yako. San Fratello umekaa mgongoni mwa mlima, zaidi ya mita 600 juu, katika safu ya Nebrodi. Watu wake hawafiki 4,000. Wazee barazani wanaongea kitu ambacho si Kiitaliano wala Kisisilia: ni lahaja ya watu wa kaskazini mwa Italia waliohamia huku enzi za Wanormani, miaka kama 900 iliyopita, na bado wameishikilia. Nilisimama nikiwasikiliza, nikawaza wazee wetu Wangoni waliotoka kusini na lugha ya huko ikawapotea njiani. Hawa haikuwapotea. Jambo hilo limenigusa sana.

Mlima wenyewe hautulii. Mwaka 1922 ardhi iliporomoka, watu wengi wakateremka kuanza upya pale Acquedolci. Februari 2010 ikaporomoka tena, na familia nyingi zikahamishwa. Waliobaki wamebaki, na farasi wao pia: wana aina yao ya farasi, weusi weusi, wanaozurura msituni wakijilisha. Juu zaidi, Monte Vecchio, kuna kanisa la kale la ndugu watatu watakatifu, Alfio, Filadelfio na Cirino, ambao ndio walioupa mji jina. Nilipanda kwa miguu. Anga ilikuwa safi, visiwa vya Eolie vimetandazwa baharini kama vya kuokota kwa mkono.

Sasa Benedikto. Alizaliwa hapo miaka ya 1520, wazazi wake Cristoforo na Diana, Waafrika, watumwa. Bwana wao aliahidi kwamba mzaliwa wa kwanza atakuwa huru, na huyo ndiye mzaliwa wa kwanza. Kosmas, fikiria mama anayejifungua akijua mtoto ni huru na yeye mwenyewe si huru. Jambo hili nimelala nalo. Kijana akalima, akachunga, akatukanwa kwa rangi yake, kisha akajiunga na wakaa-pweke. Baadaye Papa Pius IV alipoagiza wakaa-pweke waingie kwenye mashirika, akaenda kwa Wafransisko wa Santa Maria di Gesù, Palermo. Wakampa jiko. Alipika miaka mingi. Mwaka 1578 wakamfanya mkuu wa nyumba, naye hajui kusoma wala si padre! Alipomaliza muda wake hakutafuta cheo kingine, mwishowe akarudi jikoni.

Alifariki tarehe 4 Aprili 1589, akatangazwa mtakatifu mwaka 1807. Waitalia wanamwita Benedetto il Moro, yaani Benedikto Mweusi. Masalia yake yalikaa Palermo zaidi ya miaka 400, mpaka Julai 2023 moto wa vilimani ulipolifikia kanisa na kuyateketeza karibu yote. Mwaka ule niliona habari hiyo kwenye simu nikapita tu. Jana, nimesimama katika mji wake, ndipo iliponiuma.

Ndiyo maana nakuandikia usiku huu. Mwili umeungua, lakini jina linaweza kutembea. Mtoto wa Songea alibebe, na akikua umwambie kwamba somo wake alikuwa mtu wa jiko, mtoto wa watumwa, na wenye kujua vitabu walimfuata kuomba ushauri. Najua Mama atauliza kwa nini tubadilishe. Mwambie hatubadilishi jina la mzee hata herufi moja. Ni sikukuu tu itakayohama, kutoka Julai kwenda Aprili.

Nilitaka kukueleza pia habari za Neema na ile safari yake, lakini hiyo ni barua nyingine.

Nijibu mapema. Paroko ameshapanga tarehe? Atakubali msimamizi aliye mbali awakilishwe, na ni nani atakayesimama badala yangu, Joakimu au kaka yako? Mama Agnes mwenyewe anasemaje kuhusu huyu Benedikto? Mtoto analala usiku? Na lile paa la Mama, mmeshalimaliza kabla ya mvua?

Nimenunua picha ndogo ya mtakatifu. Nitaituma kwa mtu anayekuja Dar mwezi ujao.

Rafiki yako,
Tadei