Tuandikieni muvi zenyewe, sio nani kaachana na nani

Mhariri salaam,

Mimi na mume wangu ni wasomaji wako wa siku nyingi, hapa Ngamiani tunanunua gazeti moja tunasoma wawili, yeye anaanzia nyuma kwenye mpira mimi naanzia katikati kwenye burudani, alafu tunabadilishana. Na hiyo katikati ndo iliyonifanya niandike leo. Kila wiki naambiwa msanii fulani kamuacha fulani, fulani kanunua gari, fulani kaonekana na fulani hotelini, lakini muvi aliyocheza huyo fulani inahusu nini, nzuri au mbaya, naipata wapi, hakuna. Sasa ngoja nikueleze kwa nini hili limenikaa rohoni.

Sisi nyumbani tuna utaratibu wetu, Jumamosi usiku baada ya isha binti yetu Salma akishalala tunaangalia muvi moja. Tunachagua kwa zamu, wiki hii yeye wiki ijayo mimi, na sheria ni kwamba mwenzio akichagua hairuhusiwi kulala. Baba Salma amekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyesha video mtaani, picha za Kichina na za Kihindi, Lufufu anatafsiri juu yake mpaka unasahau kama wale watu hawaongei Kiswahili. Kwake yeye picha ni stelingi na adui basi, na stelingi hafi, akifa ujue kuna sehemu ya pili. Mimi napenda za maisha, zile unamuona mtu amekaa jikoni anafikiria. Kwa hiyo miezi hii mitatu nikamwambia jamani tujaribu drama, tena za kwetu huku Afrika Mashariki, za watu wanaoongea kama sisi. Akakubali kwa shingo upande.

Ya kwanza nilichagua mimi, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Kitabu chake Adam Shafi nilikisoma kidato cha sita, nilikisoma kwa ajili ya mtihani, fani na maudhui, dhamira, matumizi ya lugha, nikakariri nikafaulu, lakini Yasmin kama binadamu sikumjua mpaka nilipomuona kwenye kioo. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo, Yasmin binti wa Kihindi kaozeshwa mwanaume mtu mzima asiyempenda, anatoroka, anapokelewa na Mwajuma, anakutana na Denge kijana anayepinga ukoloni na polisi wanamtafuta usiku na mchana. Dakika ishirini hazijafika Baba Salma ananiambia, Mama Salma hawa watu mbona wanatembea tu? Nikamwambia tulia. Ile muvi haina haraka, inakuachia uso wa mtu uutazame mpaka umuelewe, vichochoro vina giza na taa moja ya njano, bahari ipo muda wote, na Kiswahili chenyewe ni kile cha Unguja hakijachakachuliwa. Mimi niliipenda sana. Yeye anasema imepoa, ila tulikubaliana kitu kimoja bila ugomvi, Mwajuma. Kaigiza Siti Amina, yule mwimbaji wa Siti and the Band, yaani akiingia tu chumba kizima kinajaa, Baba Salma kasema wangetengeneza muvi ya Mwajuma peke yake angeirudia mara mbili. Na kuna lalamiko lake nililikubali, kwamba mtu asiyejua historia ya Zanzibar anamuona Denge anakimbizwa, anaona makaratasi yanagawiwa, lakini haambiwi vizuri kina Denge walikuwa wanataka nini hasa na walikuwa wanatofautiana na nani. Mimi nilijaziwa na kitabu. Yeye hakujaziwa na mtu.

Tulipofika kwenye ile ndoa ya Yasmin ndo tukagombana. Yeye anasema hayo mambo ya zamani. Nikamuuliza zamani gani, kwenye kitabu Yasmin ana miaka 15, na Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipokwenda mahakamani kuipinga akashinda 2016 na Mahakama ya Rufani ikashikilia hukumu hiyo mwaka 2019. Salma ana miaka 14, mwakani anafika umri wa Yasmin. Hakujibu. Alinyamaza muda mrefu kweli alafu akanyanyuka akaenda kuangalia kama mtoto kajifunika shuka.

Hiyo muvi Mhariri ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021 na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar mwaka 2022. Mimi nimejua mwaka huu, tena kwa kuambiwa na mteja aliyekuja kushona gauni.

Ya pili alichagua yeye, Nairobi Half Life ya Wakenya, ya mwaka 2012, hiyo sitaisemea sana maana tulikubaliana karibu kila kitu. Kijana Mwas anatoka kijijini anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, siku ya kwanza tu anaibiwa kila kitu, anaishia kwenye genge la wezi, mchana mazoezi ya mchezo wa jukwaani usiku kuiba spea za magari. Baba Salma alicheka mwanzo alafu akaacha kucheka kwa sababu na yeye mwaka wa kwanza kwenda Dar aliibiwa begi Ubungo, na vyeti vyake vyote vilikuwa humo. Sheng yao maneno mengine yalitupita, haidhuru. Joseph Wairimu aliyecheza Mwas anajua, kuna pahala anatakiwa afurahi na kuogopa kwa pamoja na unaviona vyote viwili usoni.

Ya tatu ndo iliyotuvuruga. Supa Modo, na hiyo pia ya Kenya, dairekta ni Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, haifiki hata saa moja na nusu. Nilichagua mimi nikidhani ya watoto, nikasema leo tupumzike. Kuna mtoto wa kike anaitwa Jo, ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, mama yake anamtoa hospitali anamrudisha nyumbani kijijini siku zilizobaki akae na watu wake. Jo anapenda picha za ngumi na za mashujaa wanaopaa. Mama anataka mtoto atulie kitandani, apumzike, asiumie. Dada yake Mwix yeye anaona hapana, mtoto hajaja kusubiri kufa, basi anawapanga watu wa kijijini wajifanye mambo yanatokea kwa nguvu za Jo, ili mtoto aamini na yeye ni shujaa. Kijiji kizima kinaigiza kwa ajili ya mtoto mmoja.

Mimi nililia kuanzia katikati. Nilikuwa upande wa Mwix moja kwa moja, nikasema huu ndo upendo, mtu wako anaumwa unampa furaha, huendi kumsomea vipimo. Baba Salma akasema yeye yuko upande wa mama. Sio kwamba alitaka mtoto alale kitandani, ila kwamba mama peke yake ndo alikuwa anamtazama yule mtoto kama alivyo, wengine wote walikuwa wanajitazama wao. Alafu akasema kitu sikukitegemea, akasema mtoto alikuwa anajua. Akasema angalia macho yake, anajua watu wanaigiza na yeye anaigiza kwa ajili yao, anawaachia wafurahi.

Nikamuuliza umejuaje.

Mhariri, mama yangu mzazi aliumwa saratani, alifariki 2019. Daktari alipotueleza, sisi watoto wake tulikaa kikao tukakubaliana mama asiambiwe, tukamwambia ni vidonda vya tumbo, vitapona, tukawa tunacheka mbele yake na kulia uani. Baba Salma ndo aliyekuwa anampeleka kliniki na pikipiki yake maana sisi wengine tulikuwa kazini, na yeye kwenye kikao alisema tumwambie, hatukumsikiliza, tukasema wewe ni mkwe tu. Basi usiku ule baada ya Supa Modo ndo akaniambia kwamba mama alijua. Alimwambia siku moja wanarudi, Baba Salma mimi najua ninachoumwa, ila usimwambie Mama Salma kama najua, mwache afanye anavyofanya ndo anapata nguvu.

Miaka yote hiyo alikaa nalo. Nilimkasirikia siku tatu sikuongea naye vizuri, kwa sababu kuna maneno ningemwambia mama yangu kama ningejua anajua, ningemuaga. Alafu nikaanza kufikiria kwamba na yeye mama alikuwa ananifanyia mimi kama kijiji kile kinavyomfanyia Jo. Sijamaliza kulifikiria. Nimerudia ile muvi peke yangu mara mbili mchana, cherehani imesimama, na kila nikirudia namuona mama wa Jo tofauti, mwanzo nilimuona mkali tu, sasa naona ni mtu anayejua saa inakwenda.

Hapa Baba Salma kaomba simu aandike mwenyewe, namuachia:

Mhariri habari za kazi. Mimi si mwandishi. Mke wangu kaeleza vizuri ila niongeze kidogo. Nilipokuwa kijana nilikuwa naangalia picha nne kwa siku kibandani na sikumbuki hata moja ilinifanya nirudi nyumbani niongee na mtu. Tulikuwa tunarudi tunarushiana mateke. Sisemi ni mbaya, zilinifurahisha na bado nazipenda. Lakini hii ya mtoto Jo, stelingi ni mgonjwa na tangu mwanzo unaambiwa hatapona, na mimi muda wote nilikuwa nasubiri apone kwa sababu ndo nilivyozoea, stelingi hafi. Haikunidanganya. Jambo nililokaa nalo tangu 2019 lilinitoka siku hiyo. Nilikuwa naogopa mke wangu ataniona msaliti. Kwenye Vuta N'kuvute bado nasema imepoa. Na kuna swali nataka kuwauliza wasomaji wanaume, ivi ukiambiwa siri na mkwe wako mgonjwa, ni ya kwake au ni ya mkeo? Mimi nilidhani ni ya kwake mpaka mwenyewe aliyenipa hayupo nikabaki nayo sijui nimpe nani. Wanaume wenzangu wangependa kuongea mambo haya ila pa kuanzia hakuna, muvi inakupa pa kuanzia, unasema yule mama kakosea, kumbe unamsema mtu mwingine. Ahsante.

Narudi mimi. Umeona mwenyewe Mhariri. Muvi tatu, nyumba moja, na tumeongea mambo ambayo miaka kumi na sita ya ndoa hatujawahi kuyagusa. Na zote tatu tumezipata kwa kubahatisha, kwa kuambiwa na mteja, kwa kutafuta kwenye simu mpaka bando likakata katikati, nikalipia tena. Mpo nyie mnaoweza kutuambia. Kanumba alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ilisimama, na mpaka leo msiba wake unasimuliwa, lakini mkae chini na kijana wa miaka ishirini mumuulize Kanumba alikuwa anaigizaje, alicheza vizuri wapi na wapi alilazimisha, hajui, kwa sababu hayo hayaandikwi sana, yaliyoandikwa ni maisha yake ya nje. Na hawa wa sasa itakuwa hivo hivo. Binti wa watu anafanya mazoezi miezi, analia mbele ya kamera mpaka machozi ya kweli, alafu gazetini anatoka kwa sababu ya nguo aliyovaa kwenye pati.

Ninachoomba ni nusu ukurasa kwa wiki. Mtuambie muvi gani imetoka, inahusu nini bila kutumalizia stori, ya lugha gani, nani kaiongoza, inaonyeshwa wapi au inalipiwa wapi, mtoto anaweza kukaa akaangalia au hawezi. Na kama ni mbaya semeni ni mbaya, msiogope, wasanii wetu watakasirika wiki moja alafu watajifunza, mimi mteja akiniambia gauni limembana kwapani sifungi duka, nafumua nashona upya. Alafu muache nafasi wasomaji tubishane hapo chini, kwa sababu nina uhakika kuna mtu Lamu au Ujiji au Bujumbura ameiona Supa Modo na yuko upande wa mama kama Baba Salma, na mimi natamani kumsikia anasemaje.

Jumamosi hii ni zamu ya mume wangu. Amesikia kwamba kabla ya Vuta N'kuvute kuna muvi nyingine moja tu Tanzania iliwahi kuipeleka Oscar, Maangamizi ya mwaka 2001, aliyocheza Amandina Lihamba, na sasa ndo anaitafuta hiyo. Kauliza mafundi wote wa simu hapa barabarani, kauliza mpaka yule mzee aliyekuwa anauza kanda zamani, hakuna anayeijua. Kama wewe Mhariri au msomaji yeyote anajua inapatikana wapi kihalali, tunaomba mtuandikie hapa hapa gazetini tutaona, tunanunua kila siku.

Mama na Baba Salma,
Ngamiani, Tanga.