Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: makazi ya dharura baada ya tetemeko, Bukavu

Ndugu wanachama, wamama na wababa,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi naeleza pesa zilikwenda kwenye nini na kwa sababu gani. Jambo kubwa la mwaka huu ni kwamba tumeacha kununua mahema. Sasa tunanunua maturubai, kamba, misumari na miti. Baadhi yenu mliupinga uamuzi huo, na mnastahili jibu kamili.

Hema la familia linalotumiwa na mashirika makubwa lina mita 4 kwa 6.6 na uzito wa kilo 55 hivi, na kamba zake zinadai nafasi zaidi kila upande. Kule Kadutu, mojawapo ya komini za Bukavu, nyumba zimebanana mlimani na njia nyingi ni vipito vya udongo. Kiwanja tambarare cha kadiri hiyo kinapatikana mbali na parsele (kiwanja) ya mwenye shida. Akihama, mabati na mbao zilizosalimika huibwa, naye mpangaji hunyang'anywa nafasi yake. Turubai la mita 4 kwa 6 halizidi sana kilo 5. Mtu mmoja hubeba mawili pamoja na nyundo na msumeno, na familia hubaki kwake.

Tukumbuke pia majira. Tetemeko la Kalehe la Oktoba 2002 lilikuwa na ukubwa wa 6.2. Lile la Jumapili tarehe 3 Februari 2008, lililotupiga sisi na jirani zetu wa Cyangugu, Rwanda, lilikuwa la 5.9. Yote mawili yalitokea wakati wa mvua, na Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi. Mtoto aliyelala juu ya udongo uliolowa hawezi kungoja kikao chetu.

Kipimo tunachofuata ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Kibanda chetu kina upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 5.5, yaani kinatosha watu watano. Nguzo ni tisa za mkaratusi. Sita za pembeni zina mita 2.3 na tatu za katikati zina mita 3.2, zote zikizikwa sentimita 50. Hapo paa hupata mteremko wa nyuzi 30 hivi, na turubai la kwanza hulifunika lote na kubakiza sentimita 15 kila upande za kutupa maji nje. Turubai la pili hukatwa vipande viwili vya mita 2 kwa 6 kwa ajili ya kuta ndefu. Sentimita 20 za chini hufukiwa ardhini ili maji na upepo visipenye. Kuta mbili fupi hazina turubai: zinazibwa kwa mbao, mikeka au mabati yaliyookolewa, na upande mmoja unawekwa mlango unaofungika kwa ndani. Mlango huo si wa hiari. Mama anayelala peke yake na binti zake anauhitaji kuliko blanketi la ziada.

Mafunzo ya mwaka huu yameonyesha mahali vibanda vinapoharibikia. Mara nyingi turubai lenyewe halina lawama. Msumari uliopigwa moja kwa moja hulichana usiku wa kwanza wa upepo. Lizungushwe kwanza kwenye ufito, ndipo msumari upite kwenye ufito, au uwekewe kifuniko cha soda chini ya kichwa chake. Tundu la pembeni likichanika, funga kijiwe laini ndani ya turubai, kaza kamba shingoni mwake, na kazi inaendelea. Paa lililolegea hukusanya maji katikati mpaka ufito uvunjike. Nguzo zisizo na mihimili ya mshazari huegemea zote pamoja kuelekea bondeni. Na mtaro uchimbwe kwanza upande wa juu wa mlima, siyo kuzunguka tu kwa ajili ya sura.

Wajitoleaji wasijenge chini ya ukuta uliopasuka. Kanuni yetu ni kukaa mbali kwa mara moja na nusu ya kimo cha ukuta huo, kwa kuwa mitetemo midogo hufuata kwa siku nyingi. Ufa wa lipu peke yake hautishi. Ufa wa mshazari unaopita ndani ya matofali, hasa ulio kama herufi X kati ya madirisha, au pembe zilizoachana, maana yake nyumba haiingiwi mpaka fundi aikague. Nyumba za matofali zisizo na shenaji (mkanda wa zege unaofunga kuta pamoja) ndizo huachana pembe upesi.

Wenzetu wa Goma waliuliza, wakikumbuka mitetemo iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021, kama mpango huu unawafaa. Unafaa kwa badiliko moja: jiwe la lava halichimbiki, kwa hiyo nguzo zifungwe kwenye fremu ya chini na kulemewa kwa rundo la mawe.

Kuhusu moto sina maneno mengi. Mbabula (jiko) ya makala, yaani makaa, isilale ndani, hewa yake inaua bila moshi. Kati ya kibanda na kibanda ziwe mita 2 au zaidi.

Akiba ya vifaa imegawanywa Kadutu, Ibanda na Bagira, maana poromoko moja la udongo linaweza kukata barabara na kuacha depo moja bila faida. Maturubai yakae juu ya mbao, mbali na jua na panya, na kila depo ifungue na kukagua baadhi yake kila baada ya miezi mitatu.

Naomba kikao kipige kura juu ya jambo moja: ununuzi wa miti ufanyike mwezi wa sita. Ikikatwa wakati wa kiangazi, ikamenywa magome na kukaushwa kivulini, itakuwa tayari deponi kabla mvua za mwezi wa tisa hazijaanza. Tukingoja tetemeko, tutainunua mibichi, kwa bei atakayotaka muuzaji.

Mwenyekiti