Safari ya Disneyland Paris: mwanafunzi anunue tarehe kwanza, basi baadaye

Mhariri,

Likizo za vyuo vya Ulaya zikikaribia, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wetu walioko huko hujaa matangazo ya "safari ya Disney": basi, kiingilio na malazi kwa bei moja, tuma nusu leo na nusu wiki ijayo. Makala za safari katika magazeti yetu nazo huishia kutaja bei moja ya aina hiyo, kana kwamba kiingilio cha pale ni kama cha uwanja wa mpira. Mwanafunzi anayehesabu senti ashauriwe kununua kipande kimoja kimoja, na cha kwanza kiwe tarehe.

Disneyland Paris, bustani ya burudani yenye michezo ya kupanda, ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki mwa Paris. Kiingilio chake huuzwa kwa kalenda: kila siku ina bei yake, na kati ya siku rahisi na siku ghali bei inaweza kupishana karibu maradufu, kwa geti lile lile na michezo ile ile. Hakuna punguzo la hoteli wala la basi litakaloziba pengo hilo. Tena siku ghali ndiyo siku yenye foleni ndefu, kwa hiyo unalipa zaidi ili upate kidogo.

Kujua siku rahisi ni kujua ratiba ya shule za Ufaransa. Nchi imegawanywa katika kanda tatu, A, B na C, na likizo za baridi na za Pasaka hupishana kati ya kanda hizo. Ndiyo maana msongamano wa Februari huendelea wiki nne mfululizo badala ya mbili. Paris iko kanda C. Wiki zake ziepukwe kuliko zote. Jumatano nayo ina hila yake, kwa sababu watoto wengi wa shule za msingi za Kifaransa hawasomi siku hiyo au husoma asubuhi tu. Mwezi Mei una sikukuu tarehe 1 na 8, mara nyingi na Kupaa kwa Bwana pia, na Wafaransa wana desturi ya kuunganisha sikukuu na wikendi. Kinachobaki ni Jumanne na Alhamisi za katikati ya Januari, au za katikati ya Novemba likizo ya Watakatifu Wote ikishapita. Baridi itakuuma, park hufungwa mapema kuliko kiangazi, na baadhi ya michezo mikubwa huwa kwenye matengenezo, hivyo orodha ya iliyofungwa isomwe kabla ya kulipa. Hata hivyo, kwa maoni yangu Jumanne ya Januari ni bora kuliko Jumamosi yoyote ya Mei.

Kuna park mbili pale, na tiketi ya siku moja huuzwa kwa park moja au kwa zote mbili. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, ile ya kwanza yenye kasri inatosha siku nzima. Kulipia ya pili ni kujinunulia mbio za kukimbia huku na huku. Kitu kingine cha kukataa ni Premier Access, huduma ya kulipia ili upite foleni ya pembeni. Mwaka 2021 ilichukua nafasi ya FastPass iliyokuwa ya bure, na ile ya kawaida hulipiwa kwa kila mchezo, kwa kila mtu. Badala yake tafuta mlango wa Single Rider, foleni ya watu wanaokubali kukaa peke yao kwenye kiti kilichobaki wazi. Hauongezi hata senti. Upo, kwa mfano, kwenye Hyperspace Mountain, na katika park ya pili upo kwenye Crush's Coaster na Ratatouille. Mnaoenda wanne mtatenganishwa, lakini mtakutana mlango wa kutokea mapema sana kuliko wenzenu waliong'ang'ania kukaa pamoja.

Sasa nyaraka, maana hapa ndipo fedha hupotea yote. Mwenye kibali cha ukaazi cha mwanafunzi kutoka nchi yoyote ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, bila viza nyingine. Abebe pasipoti halisi na kadi halisi ya ukaazi. Picha ya simu haitoshi, na ukaguzi mipakani upo: Ujerumani, kwa mfano, imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na mabasi ya usiku husimamishwa. Aliyeko Ufaransa kwa viza ndefu ya mwanafunzi akumbuke kwamba viza hiyo lazima ithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu kuwasili. Asipofanya hivyo, ukaazi wake unaingia dosari. Ambaye kadi yake imeisha na anasubiri mpya asivuke mpaka kabla ya kuuliza ofisi iliyompa kibali kama karatasi aliyonayo inamruhusu kurudi.

Aliyeko Uingereza au Ireland yuko nje ya Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza, ambayo tangu tarehe 11 Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, bado ada ya wakala anayepokea maombi na nauli ya kwenda kutoa alama za vidole. Kwa safari ya siku moja hesabu hiyo hailipi. Ama aunganishe na safari ndefu ya Ulaya, ama, akiwa Uingereza, aende Thorpe Park, bustani ya michezo ya huko huko, ambako anapanda treni London Waterloo hadi Staines kisha basi. Na asitafute tena treni ya Eurostar ya moja kwa moja kutoka London hadi Disney. Ilisitishwa mwaka 2023.

Kutoka katikati ya Paris, usafiri ni treni ya mkoa iitwayo RER A, na nauli imekuwa rahisi kuliko zamani. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mkoa wote wa Paris una tiketi ya bei moja kwa metro, treni na RER, ukiondoa viwanja vya ndege. Ilianza kwa euro 2.50. Kwa hiyo maelezo ya zamani yanayozungumzia tiketi ya kanda ya tano ya nauli yamepitwa na wakati. Tiketi hupakiwa kwenye kadi ya Navigo Easy, ambayo ni euro 2, au kwenye simu. Kila mtu awe na kadi yake. Wawili hawapiti kwa kadi moja. Kadi ya siku, Navigo Jour, ilikuwa euro 12 mwaka huo huo wa 2025, kwa hiyo haina faida mpaka usafiri mara tano kwa siku. Anayekwenda na kurudi tu aachane nayo, pamoja na zile kadi za watalii. Anayesoma Paris na ana Imagine R, kadi ya usafiri ya wanafunzi, halipi chochote, kwa kuwa kadi hiyo inafika hadi mwisho wa reli.

Mwisho wa reli ndio pa kuangalia. RER A ikipita Vincennes hugawanyika: tawi moja linakwenda Boissy-Saint-Léger, jingine Marne-la-Vallée–Chessy, kituo cha Disney, na hata kwenye tawi hili la pili treni nyingine huishia Torcy au Noisy-le-Grand. Ukiwa jukwaani Châtelet–Les Halles au Gare de Lyon, soma ubao wa juu: kituo cha Chessy kiwe kimewaka taa. Jina la herufi nne la treni inayofika huko huanza na Q. Ukishapanda Boissy kimakosa, teremka urudi Vincennes bila kutoka nje ya mageti, maana tiketi huhesabika ndani ya saa mbili na huisha unapotoka. Itunze hadi mwisho. Chessy kuna mageti ya kutokea na wakaguzi. Safari kutoka Châtelet huchukua kama dakika 40. Kiangazi, hasa Agosti, aghalabu sehemu ya reli hiyo hufungwa kwa matengenezo, basi angalia siku moja kabla.

Anayetoka Lyon, Marseille au Montpellier hana haja ya kuingia Paris. Chessy ni stesheni ya treni za kasi (TGV) pia, na OUIGO, treni za bei nafuu zilizoanza Aprili 2013 zikitokea hapo hapo, hukushusha dakika chache tu kwa miguu kutoka getini. Masharti yake ni makali kwenye mizigo: begi moja dogo na mkoba, zaidi ya hapo unalipia. Carte Avantage Jeune ya euro 49 inayopunguza asilimia 30 kwa vijana hadi miaka 27 hutumika kwenye TGV za kawaida, si OUIGO. Wengi huinunua kwa safari hii kisha hushangaa. Kutoka Brussels-Midi pia ipo TGV ya moja kwa moja. Wa basi la usiku hushukia Bercy Seine: chukua metro 14 kituo kimoja hadi Gare de Lyon, kisha RER A kwa tiketi ile ile.

Kuhusu ndege, jihadhari na tiketi iliyoandikwa Paris kumbe ni Beauvais. Uwanja huo uko zaidi ya kilomita 75 kaskazini mwa jiji, basi lake hulipiwa peke yake, na kufika Disney ni nusu siku. Vilevile baadhi ya mashirika ya bei nafuu humtaka abiria asiye na pasipoti ya Ulaya akaguliwe nyaraka kaunta kabla ya kwenda kwenye usalama. Aliyeruka hatua hiyo hurudishwa mlangoni pa ndege na nauli haidai.

Chakula: ndani bei ni ya watalii, lakini sandwichi na vitafunio vya mfukoni vinaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni chupa za kioo, pombe na maboksi ya barafu. Chupa tupu ya plastiki inatosha, maana mabomba ya maji ya kunywa yapo karibu na vyoo. Kwa euro 8 hadi 10 unanunua dukani mkate, jibini, matunda na biskuti za siku nzima, na asiyekula nyama isiyo halali hapati wasiwasi. Wengi hushauri kushuka Val d'Europe, kituo kimoja kabla, kwenye duka kubwa la Auchan. Duka ni zuri, lakini ukitoka nje ya stesheni tiketi imekwisha na utalipa nyingine. Nunua usiku uliotangulia mjini. Begi kubwa lisije kabisa: haliingii, na kulihifadhi nje ya geti kunalipiwa.

Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi aliyekwisha kufika Paris anatumia chini ya euro 20 nje ya kiingilio: kadi 2, nauli 5 hivi, na chakula. Akitaka kulala, hoteli za kawaida za Torcy au Noisy-le-Grand ziko kwenye reli hiyo hiyo. Hoteli za Disney zenyewe huwapa wageni wake nafasi ya kuingia kabla ya wengine asubuhi, faida ambayo kwa bajeti ya mwanafunzi haistahili bei yake.

Malipo ya mtandaoni hukwama kwa sababu moja ya kipuuzi: kadi ya benki ya nyumbani hutuma namba ya siri kwenye laini ya nyumbani, na laini imezimwa ndani ya droo. Iwashe kwanza, au tumia kadi ya benki ya huko. Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au euro, chagua euro. Na tiketi ya mtu baki mtandaoni usiiguse, kwa kuwa msimbo mmoja unaweza kuuzwa kwa watu watano na anayeingia ni wa kwanza.

Sisemi safari za makundi zote ni mbaya. Aliyeko mji usio na treni nzuri anaweza kunufaika. Lakini kabla ya kutuma nusu ya kwanza amwulize mwandaaji: kiingilio ni cha tarehe gani, park moja au mbili, na basi linaondoka saa ngapi? Basi linalofika saa tano asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni limekula saa za mwanzo zenye foleni fupi na onyesho la usiku kwenye kasri. Na nyinyi Mhariri, mkichapisha tena bei ya safari ya namna hii, tafadhali mwandishi wenu aitenge: kiingilio kiasi gani, nauli kiasi gani, malazi kiasi gani, na ilikuwa bei ya siku ipi.

Msomaji wenu,
Lyon, Ufaransa