Kicheko cha usiku

Marseille

Shoga yangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliposema mtoto wa dada yako hucheka usiku peke yake, usoni hana furaha, kisha macho yanaganda, nilikaa chini. Salma wangu alianza vivyo hivyo. Msimgombeze, wala msiseme ana shetani. Kicheko kile chaweza kuwa kifafa.

Kwa Salma kilitokana na hamatoma ya haipothalamasi, kinyama kilichoota ndani kabisa ya ubongo tangu akiwa tumboni. Si saratani, wala hakisambai. Lakini dawa mbili zilishindwa, ya tatu ikamfanya asinzie darasani, na kukifuata kwa kisu ni kupita jirani na mishipa ya macho na njia za kumbukumbu.

Tukapelekwa hospitali ya La Timone, ambako Profesa Jean Régis na wenzake wameutibu ugonjwa huu kwa mionzi kwa miaka mingi. Mashine inaitwa Gamma Knife, yaani kisu, ila haichani ngozi wala fupa. Salma alichomwa ganzi, akafungwa fremu kichwani kwa skrubu nne (hapo nililia mimi, yeye hakulia), kisha miale karibu 200 ya kobalti ikaelekezwa ikutane kwenye kile kinyama. Mwale mmoja mmoja ni dhaifu; inapokutana ndipo penye nguvu. Kesho yake tulikuwa nyumbani.

Kilichonitesa ni kusubiri. Mionzi hufanya kazi polepole, na miezi ya mwanzo kifafa kilizidi. Nikadhani tumemharibu mtoto. Tulikuwa tumeonywa, lakini kuonywa ni kitu kingine na kuona ni kingine. Mwaka wa pili ndipo usiku wetu ulipotulia. Dawa bado anakunywa.

Sitakudanganya kwamba wote hupona. Kati ya wagonjwa 48 wa Régis waliofuatiliwa miaka 3 na zaidi, karibu 4 katika kila 10 waliachana na kifafa kinachosumbua. Wengine 3 hivi katika kila 10 walipata nafuu kubwa.

Mwambie dada amrekodi mtoto kwa simu kicheko kikianza, mpaka kiishe, na aandike saa. Video hiyo aende nayo kwa daktari wa ubongo, aombe picha ya MRI itakayoangalia haipothalamasi. Kama mtoto ana dawa anazotumia, asizikatishe. Nami nitumie nakala ya video, hata kama ni usiku wa manane.

Wako,
Mama Salma